Kurudisha Vifaa

Mezani kwa Koplo Wilder, stoo ya kambi ya Tiquina,
naweka kimoja kimoja:
mashati meupe mawili, kola zimelika;
buti jozi moja, soli ya tatu;
koti zito la zamu ya usiku;
kofia yenye nanga.
Anatia alama kwa kalamu nyekundu
bila kuinua macho. Ana miaka ishirini na mmoja.
Masikio yamemwiva kwa baridi,
kama yangu nilipofika.

Ishirini na sita, Koplo. Miaka, si vifaa.
Baharia wa nchi isiyo na bahari:
tulinyang'anywa pwani babu wa babu yangu hajaota ndevu,
na kila Machi tunapiga gwaride la kuililia,
nami nimeapa mara ishirini na sita
kurudi mahali ambapo sijawahi kufika.
Maji niliyoyalinda ni ya ziwa. Hayana chumvi.
Nimeyaonja.

Nisiseme uongo: jeshi limenilisha.
Mwisho wa mwezi mshahara uliingia,
mvua inyeshe, isinyeshe, viazi vioze shambani.
Paa la mama lilikuwa nyasi, likawa bati.
Jicho lake la kushoto lilifunguliwa na daktari wa jeshi,
bure, siku ya Jumanne,
na cha kwanza alichokiona ni mimi ndani ya sare.
Akacheka: "Mbona umekuwa mfupi hivi?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama, nikakipata.
Kazi sasa ni kuunyoosha mgongo.

"Ngao," anasoma Wilder, "moja."
Hiyo niliirudisha zamani, mwaka ule.
Wewe ulikuwa shule ya msingi.
Walitupakia lorini usiku, wakatushusha alfajiri
kwenye barabara iliyofungwa kwa mawe,
na nyuma ya mawe, watu wa wilaya yangu.
Nilikuwa nimefunikwa toka utosini hadi kidevuni,
kioo mbele ya uso, moshi katikati.
Shangazi Saturnina alinitambua kwa mwendo.
Alishika jiwe, ukubwa wa kiazi.
Akaita kwa lugha ya nyumbani:
"Eleuterio! Umekula?"

Sikujibu. Amri ilikuwa tusijibu.
Jiwe hakulirusha. Ngao sikuishusha.
Hadi leo akinipakulia supu
anaitazama bakuli.

Nayra, binti yangu, alizaliwa niko doria kaskazini,
kwenye mto wenye mbu kuliko maji.
Nilimkuta ana meno.
Sasa hunipigia simu kwa adabu,
kama mtu anayeulizia faili ofisini.
Na Nieves, mama yake,
aliyefungua na kufunga kitanda kilekile kambi tano,
hupenda kuwaambia wageni:
"Yeye alioa. Mimi niliandikishwa."
Wageni hucheka. Mimi huenda kuongeza kuni.

"Filimbi," anasoma Wilder. "Ya chuma. Moja."

Usiku ule kivuko kilipinduka,
taa zimezimika, upepo unashuka kutoka theluji.
Niliipuliza mpaka midomo ikanatia kwenye chuma,
ili walio majini wajue upande gani kuna watu.
Wanne waliufuata mlio.
Wa tano niliendelea kumpulizia
hadi kukapambazuka, hadi luteni akanishika bega
akasema, basi.
Hayo hayamo kwenye daftari lako.

"Imepotea," namwambia.
Ndipo ananitazama.
Faili langu halina doa, hata yeye amelisoma.
"Itakatwa kwenye malipo yako, Sajenti."
"Kata."

Naweka sahihi. Nje, makuruta wanafundishwa kutembea,
watu arobaini waliokuwa wakijua tangu utotoni.
Napita pembeni na mfuko wangu wa plastiki,
raia, naharakisha kuwahi basi,
na mguu wa kushoto, bila kuulizwa,
unaanza nao.